Gauteng Ina Wabunge 80, Wako Ni Yupi?

Leo naomba tulizungumzie Bunge la jimbo la Gauteng, lile linalokutana katika jengo la zamani la baraza la jiji, kati ya mtaa wa Rissik na mtaa wa Loveday, hapa katikati ya Johannesburg. Bunge hilo lina wabunge 80. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 15 katika Gauteng, kwa hiyo ukigawanya, kila mbunge anawakilisha watu wapatao 190,000. Lakini hesabu hiyo inaishia kwenye karatasi, kwa kuwa kati ya wote 80 hakuna hata mmoja ambaye sheria imemkabidhi watu wake. Mkazi wa Diepsloot hana mbunge wa Diepsloot, wala mkazi wa Orange Farm hana mbunge wa Orange Farm. Jimbo zima ni eneo moja la uchaguzi. Vyama hupeleka orodha za majina, wananchi hupigia chama, na chama kikipata asilimia 10 ya kura hupata takriban asilimia 10 ya viti, kisha majina huteremka kutoka juu ya orodha mpaka viti vimalizike. Ni kweli kwamba vyama huwapangia wabunge wao maeneo ya kuhudumia, na ofisi hufunguliwa huko kwa fedha za Bunge. Ila anayempanga mbunge ni chama, anayemhamisha ni chama, na mkazi wa eneo hilo haulizwi kabla wala baada.

Hoja yangu leo ni kwamba mfumo huu unahesabu kura kwa haki kuliko mifumo mingi tunayoijua Afrika Mashariki, lakini umemnyang'anya mpiga kura silaha moja muhimu, nayo ni uwezo wa kumwondoa mtu fulani kwa jina lake. Na silaha hiyo inaweza kurudishwa bila kuharibu haki ya hesabu. Najua wapo watakaosema huo ni mjadala wa wanasheria. Ngojeni kwanza tuangalie yaliyoipata Khutsong.

Khutsong ni kitongoji cha wafanyakazi wa machimbo ya dhahabu, jirani na mji wa Carletonville, magharibi ya Johannesburg. Kipo ndani ya manispaa ya Merafong. Mwaka 2005 serikali ya Afrika Kusini iliamua kufuta manispaa zilizokuwa zimekaa juu ya mpaka wa majimbo mawili, na Merafong ikapangiwa kuhamishiwa jimbo la North West. Wakazi hawakutaka. Walizijua hospitali za Gauteng, shule za Gauteng, na kazi zao zilikuwa upande huu. Novemba mwaka huo kamati ya Bunge la Gauteng ilikwenda huko kuwasikiliza, na wengi wa waliosimama kuzungumza walipinga. Kamati ikarudi na msimamo uleule wa wananchi: Merafong ibaki Gauteng. Kisha, ndani ya siku chache, Bunge likageuka. Lilitambua kwamba kulikataa suala la Merafong kungeweza kukwamisha marekebisho yote ya Katiba yaliyobeba uhamisho huo, likaamua kuunga mkono muswada mzima. Hakuna aliyerudi Khutsong kuwaeleza watu kwamba msimamo umebadilika na kwa nini. Kilichofuata tunakijua: ghasia za miezi mingi, nyumba za madiwani kuchomwa moto, wanafunzi kukosa masomo, na uchaguzi wa manispaa wa Machi 2006 kususiwa na karibu kitongoji kizima.

Wakazi walikwenda Mahakama ya Katiba, iliyopo hapa hapa Braamfontein, na mwezi Juni 2008 wakashindwa. Majaji walio wengi walikubali kwamba kutorudi kwa wananchi huenda kulikuwa kukosa heshima, lakini wakasema hakukuvunja Katiba. Wakaongeza jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu: mwanasiasa anayewadharau wapiga kura wake awajibishwe, na njia mojawapo ya kumwajibisha ni uchaguzi. Kwa nadharia, ni sahihi kabisa. Lakini mkazi wa Khutsong angemwajibisha nani? Mbunge gani wa Gauteng angeamka asubuhi ya siku ya kura akiwa na hofu ya Khutsong? Jina lake halikuwepo kwenye karatasi ya kura, eneo lake halikuwa limeandikwa popote, na kura zote za kitongoji kile, zikimwagwa katika mamilioni ya kura za jimbo, zisingemshusha hata nafasi moja kwenye orodha ya chama chake. Merafong ilirudishwa Gauteng mwaka 2009, kwa marekebisho ya 16 ya Katiba. Iliyoirudisha ni miaka mitatu na zaidi ya mapambano mitaani pamoja na mabadiliko ya uongozi ndani ya chama tawala. Karatasi ya kura haikuwa na mchango mkubwa. Watu waliambiwa watumie uchaguzi, na uchaguzi ukawa hauna mlango wa kupitishia hasira yao.

Sasa, wapo watakaoniambia kwamba jambo hili limekwisha kushughulikiwa. Tarehe 11 Juni 2020, Mahakama hiyohiyo ya Katiba, katika shauri la New Nation Movement, iliamua kwamba sheria ya uchaguzi ilikiuka Katiba kwa kumlazimisha mtu kupitia chama ndipo aingie Bunge la taifa au la jimbo. Hukumu ya wengi iliandikwa na Jaji Mbuyiseli Madlanga. Wasikilizaji wa Tanzania watakumbuka safari ndefu ya marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliyedai haki hiyohiyo ya mgombea binafsi: alishinda Mahakama Kuu, Bunge likabadili Katiba kumfungia njia, Mahakama ya Rufani ikamkatalia mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika kule Arusha ikampa ushindi ambao mpaka uchaguzi wa 2025 haukuwa umemfikisha mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Afrika Kusini ilitekeleza. Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria mpya Aprili 2023, na tarehe 29 Mei 2024 wapiga kura walipewa karatasi tatu, mbili za Bunge la taifa na moja ya Bunge la jimbo, na wagombea binafsi wakiruhusiwa.

Lakini tazama walivyoruhusiwa. Mgombea binafsi wa Bunge la Gauteng alipaswa kuomba kura katika jimbo zima, kuanzia Vereeniging kusini hadi Hammanskraal kaskazini, kwenye daftari la wapiga kura zaidi ya milioni 6.5. Ili apate kiti kimoja alihitaji makumi elfu ya kura. Akizidisha, hata akapata za kutosha viti viwili, anapewa kimoja na ziada inapotea, wakati chama kilichopata ziada hiyohiyo kinaongezewa mtu. Nchi nzima hakuna mgombea binafsi aliyepata kiti. Bunge la taifa lilitii hukumu kwa kufungua mlango wa mgombea, likauacha umefungwa ule wa mpiga kura. Mwalimu anayeheshimika Alexandra, au muuguzi anayejulikana Eldorado Park, hawezi kushinda kwa sifa yake mtaani kwa kuwa mtaa wake si eneo la uchaguzi.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni zito, na anayelipuuza haijui historia ya nchi hii. Afrika Kusini iliwahi kuwa na maeneo bunge ya mbunge mmoja mmoja, na ndiyo yaliyoiingiza madarakani serikali ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1948, katika uchaguzi wa Weupe na wachache wengine, chama cha Jan Smuts na washirika wake kilipata kura nyingi zaidi ya kile cha D. F. Malan. Lakini sheria iliruhusu maeneo ya mashambani yawe na wapiga kura wachache kuliko ya mjini, na kura za Smuts zilirundikana mijini, Johannesburg ikiwa mojawapo. Malan na washirika wake wakapata viti 79 kati ya 153. Waliokaa mezani kuanzia 1991 kujadili katiba mpya walikuwa na kumbukumbu hiyo. Walijua pia kwamba ramani ya makazi ilichorwa na ubaguzi: kata mpaka popote Johannesburg na utakuwa umekata rangi na tabaka. Uwiano wa kura uliwapa wote uhakika kwamba kura ya Soweto na kura ya Sandton zina uzito mmoja. Huo ni urithi wa kulindwa, na sina nia ya kuugusa.

Hata hivyo historia hiyohiyo ina ukurasa wa pili. Kuanzia 1961 hadi 1974 mtu pekee wa chama cha Progressive katika Bunge zima alikuwa Helen Suzman, na alikuwepo kwa sababu eneo bunge moja la Johannesburg, Houghton, lilimchagua. Wapiga kura wake walikuwa Weupe wenye uwezo. Lakini barua zilimfikia kutoka kwa wafungwa, waliofukuzwa makwao, na wake za waliozuiliwa bila kesi, watu ambao hawakuwa na kura kabisa. Walimwandikia kwa kuwa walijua jina lake na walijua anakopatikana. Mwaka 1967 alifika kisiwa cha Robben kuwaona wafungwa. Simtaji ili kuutetea mfumo uliowanyima wengi haki. Namtaja kwa kuwa anaonyesha kwamba mbunge mwenye anwani hufikiwa hata na asiyempigia kura, na jambo hilo linatuhusu sisi wageni tunaoishi hapa, tunaolipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto, na ambao daftari la wapiga kura halitujui.

Pingamizi la pili linatoka kwetu Afrika Mashariki, na nadhani wengi mmeshalifikiria. Sisi tunao wabunge wenye maeneo, na tumefaidi nini? Mbunge wa Kenya au wa Tanzania anajulikana kwa jina, ndiyo, na kwa sababu hiyo simu yake haipumziki: karo ya mtoto, jeneza, mabati ya msikiti, jezi za timu. Kenya ilianzisha mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge mwaka 2003, na Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, kwa kuwa mbunge, ambaye kazi yake ni kuisimamia serikali, alikuwa amefanywa sehemu ya serikali yenyewe. Mbunge akiwa msimamizi wa fedha, nani atamsimamia yeye? Nakubali hoja hii yote. Ila ugonjwa wenyewe unatokana na kumpa mbunge mfuko pamoja na kumwacha peke yake katika eneo, mshindi mmoja anayechukua chote. Eneo likiwa na wabunge watatu au wanne kutoka vyama mbalimbali, na hakuna hata mmoja mwenye mfuko wa kugawa, mwananchi aliyepuuzwa na huyu anakwenda kwa yule. Wanalazimika kushindana kwa kazi.

La tatu ni la Johannesburg yenyewe. Nitaambiwa: baraza la jiji lina madiwani wa kata, watu wanaojulikana kwa sura, na bado barabara zina mashimo na taa za mitaani hazipo. Ni kweli kwamba baraza hilo lina madiwani 270, nusu yao, yaani 135, wa kata, na nusu nyingine wa orodha za vyama. Lakini angalieni jinsi mameya walivyopatikana baada ya uchaguzi wa Novemba 2021. Mpho Phalatse wa chama cha DA aliondolewa, akarudishwa na mahakama, akaondolewa tena Januari 2023. Kisha umeya ukaenda kwa Thapelo Amad, na baada yake kwa Kabelo Gwamanda, wote wa Al Jama-ah, chama chenye viti 3 kati ya 270. Agosti 2024 ukaenda kwa Dada Morero wa ANC. Sisemi kwamba chama kidogo hakina haki ya kutoa meya. Nasema mpiga kura hakuhusishwa. Yote hayo yalikuwa makubaliano ya viongozi wa vyama, na diwani wa kata aliyetaka kuyapinga alijua chama kinaweza kumfukuza. Tatizo la jiji haliwezi kubebeshwa kata. Kata ndiyo sehemu ya baraza ambayo mwananchi bado anajua pa kugonga.

Kuna pingamizi la nne ambalo naliona bora kuliko yote. Mwaka 2016 idara ya afya ya Gauteng iliwaondoa wagonjwa wa akili katika vituo vya Life Esidimeni na kuwapeleka kwa mashirika ambayo mengi hayakuwa na uwezo wala leseni halali. Wagonjwa 144 walifariki. Jambo hilo lilianza kufichuka pale mbunge wa upinzani, Jack Bloom, alipouliza swali katika Bunge la Gauteng, na Septemba 2016 waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, akajibu kwamba wagonjwa 36 wamekufa. Bloom aliingia kwa orodha ya chama kama wengine wote. Kwa hiyo orodha si kikwazo cha kazi nzuri, na nampa heshima yake. Ila tujiulize wale wengine walikuwa wapi. Familia zilikuwa zikiandamana na kulalamika miezi kadhaa kabla. Kama kila familia ingekuwa na wabunge watatu wa eneo lake, ambao hatima yao iko mikononi mwa majirani wa familia hiyo, swali lingeulizwa mara ngapi, na mapema kiasi gani? Mfumo unaomtegemea mbunge mwenye bidii huwa na bahati siku yupo, na siku hayupo watu wanakufa kimya.

Basi kifanyike nini? Jibu lipo tangu Januari 2003. Jopo lililoongozwa na Frederik van Zyl Slabbert, mwanasiasa aliyewahi kuongoza upinzani bungeni, lilipendekeza, kwa kauli ya wajumbe wake walio wengi, kwamba wabunge 300 kati ya 400 wa taifa wachaguliwe katika maeneo 69, kila eneo likitoa wabunge kati ya 3 na 7, na 100 waliobaki watoke kwenye orodha ya taifa ili kusawazisha hesabu, kila chama kipate viti sawasawa na kura zake. Pendekezo likawekwa kabatini. Jopo la Kgalema Motlanthe mwaka 2017 likadai tena mageuzi, na tume ya Jaji Raymond Zondo iliyochunguza utekaji wa serikali nayo ikalitaka Bunge litafakari uwakilishi wa maeneo. Tuchukue uwiano wa Slabbert tuulete Gauteng: wabunge 60 wa maeneo, 20 wa kusawazisha. Johannesburg, yenye watu wapatao milioni 4.8, ingepata takriban 19. Jiji tayari limegawanywa katika kanda saba za utawala, kuanzia A yenye Diepsloot na Midrand hadi G yenye Orange Farm na Lenasia. Zitumike hizo, Soweto ikipewa viti vingi zaidi na kanda ndogo vichache. Mgombea binafsi sasa angekuwa na uwanja anaoweza kuutembea, na mpiga kura wa Lenasia angekuwa na majina mawili au matatu ya kuulizia. Katiba haihitaji kuguswa kwa hilo: inachodai, katika kifungu cha 105, ni matokeo yanayofuata uwiano kwa ujumla, na zile nafasi 20 zinatosha kuusimamia.

Palipo pagumu ni kifungu cha 106, kinachosema mbunge wa jimbo anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompendekeza anapoteza kiti. Bunge la taifa lina kifungu kama hicho, na matunda yake tuliyaona tarehe 8 Agosti 2017, katika kura ya kutokuwa na imani na Rais Jacob Zuma. Spika Baleka Mbete aliamua kura iwe ya siri. Waliotaka Zuma aondoke walikuwa 177, waliokataa 198, na 9 hawakuchagua upande. Wabunge zaidi ya 20 wa chama tawala walikuwa wameiasi amri ya chama, kwa kuwa siri iliwakinga. Lakini siri iliyowakinga dhidi ya chama iliwaficha pia kwa wananchi, na mpiga kura wa Johannesburg hakujua, wala hatajua, waliomwakilisha walisimama upande gani. Mbunge wa eneo akifukuzwa na chama, kiti kirudi kwa wapiga kura wa eneo lake wachague upya, naye aruhusiwe kugombea. Hapo ndipo Katiba itahitaji kurekebishwa, na vyama vikubwa vyote, vya serikali na vya upinzani, havitafurahi.

Wakati huohuo wanaojitokeza kupiga kura wanapungua: mwaka 1999 asilimia 89 ya waliojiandikisha walipiga kura; mwaka 2024 walikuwa chini kidogo ya 59. Sababu ni nyingi, na simtupii mfumo wa orodha lawama zote. Baada ya uchaguzi huo ANC ilibaki na viti 28 kati ya 80 vya Gauteng, na waziri mkuu wa jimbo, Panyaza Lesufi, akaunda serikali ya wachache kwa msaada wa vyama vidogo, wakiwa pamoja na viti 32. Maana yake ni kwamba hakuna chama kinachoweza tena kuamua peke yake, na waziri mkuu wa jimbo anahitaji kura za vyama vingine kupitisha bajeti. Kwa mageuzi ya aina hii, wakati mzuri kuliko huu ni nadra. Uchaguzi ujao wa majimbo ni mwaka 2029, na mipaka ya maeneo huchukua muda kuchorwa, kusikilizwa na kupingwa mahakamani. Wewe mwenye kitambulisho cha nchi hii na jina kwenye daftari, vyama vitakapokuja mtaani kwako kuomba kura za manispaa, viulize msimamo wao kuhusu maeneo ya uchaguzi ya jimbo, na udai jibu la maandishi.